Namna ya Kuikaribisha Sumukuvu Nyumbani

Ukitaka kula sumu katika nchi zetu hizi, huna haja ya kwenda duka la dawa za mifugo wala ya kukosana na mtu. Lima mahindi, au karanga. Vuna, weka ndani, subiri. Kazi iliyobaki ataifanya kuvu, kibarua asiyelala, asiyedai posho na asiyeonekana akiwa kazini. Waliobuni neno sumukuvu hawakujisumbua: sumu, halafu kuvu, na habari ikawa imekwisha. Wakenya wengi husema aflatoksini, ambalo kwa kweli ni jina la mmoja tu katika ukoo huo, yule mkali kuliko wote. Mimi nitasema sumukuvu, kwa kuwa mgeni huitwa kwa jina ambalo mwenyeji analiweza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya asiye na habari. Mwenye habari atauona wa kipuuzi, na huyo hauhitaji. Yeye ana turubai.

Anza shambani. Kuvu wetu, ambaye wanasayansi humwita Aspergillus flavus, hukaa udongoni na kwenye mabaki ya msimu uliopita, akisafiri na vumbi kama sisi abiria wa Kondoa. Anapenda joto, na kuliko joto anapenda mmea wenye shida. Hindi lililokosa mvua wakati wa kuchanua, kisha likatobolewa na wadudu, limekwisha kumfungulia mlango. Kwa hiyo chelewa kupanda. Ukiwa mahali pa mvua chache kama Makueni ya Kenya au Chemba ya Tanzania, tafuta mbegu inayochukua miezi mingi kukomaa, ili kiangazi kikukute katikati. Mabua ya mwaka jana yaache yalivyo.

Na bwana shamba akipita na mfuko wa mtama uliopakwa rangi ya bluu, jifanye hupo. Mtama huo unaitwa Aflasafe. Umebeba kuvu wale wale, ukoo mmoja na jina moja, isipokuwa hawa hawajui kutengeneza sumu. Hunyunyizwa shambani kilo nne kwa ekari, wiki mbili tatu kabla ya mahindi kuchanua, na hao wapole huwahi kukalia nafasi ambayo wakali wangeikalia. Wakenya wanatengeneza wa kwao Katumani, Machakos. Ni njia ya ajabu kidogo: unamzuia mwizi asiingie kwa kuijaza nyumba ndugu zake waliookoka. Asiye na habari huona ile rangi ya bluu, akasema hiyo ni dawa ya panya, akarudi zake.

Mahindi yakikomaa usiyaguse. Yaache yasimame yakimsubiri mwanao arudi likizo, na mvua isiyo ya msimu imtangulie. Ukishavuna, pukuchua kwa hasira: jaza mahindi kwenye gunia pamoja na magunzi yake, funga mdomo, piga kwa fimbo mpaka majirani wadhani kuna ugomvi. Punje nyingi zitapasuka. Kuvu hana meno, kwa hiyo anashukuru sana kutafuniwa.

Sasa kukausha, na hapa naomba tusikimbie, maana yote yaliyobaki katika mwongozo huu ni matokeo ya siku hizi chache. Mahindi yanapotoka shambani huwa na unyevu wa asilimia 18, 20, wakati mwingine zaidi. Yakishuka hadi 13 kuvu hushindwa kazi. Hafi, anakaa tu kama mtumishi ambaye mshahara wake haujaingia. Kutoka 18 hadi 13 ni suala la jua la siku kadhaa na mtu wa kuyageuza. Basi anika chini. Usitumie turubai, usijenge kichanja; yamwage kwenye udongo mtupu, pale kuku wanapopekua, kwa kuwa huko ndiko kwao kuvu na si uungwana kumtenga na kwao. Jioni usiyaanue. Umande nao una haki yake. Wingu likitanda, maliza kwanza chai.

Kujua kama yamekauka, tumia jino. Mabibi zetu walitumia jino: unang'ata punje, ikilia ka!, basi tayari. Nami sina ugomvi na jino, ila jino hupima ugumu, halisomi asilimia, na jino la mtu ambaye ada ya shule inamsubiri husikia ka! mapema kuliko jino la mtu mwingine.

Kuna wasumbufu wanaotumia chumvi. Niliwahi kuelekezwa, nikajaribu jikoni kwangu. Unachukua chupa ya kioo yenye kifuniko, iwe kavu kabisa. Chumvi unaianika juani mpaka inamwagika kama mchanga. Unatia mahindi kiasi cha robo au theluthi ya chupa, unaongeza chumvi vijiko viwili vitatu, unafunga, unatikisa dakika moja hivi, halafu unaiacha itulie dakika 15. Kisha unatazama kuta za chupa. Chumvi ikiwa imeshuka yote chini, mahindi yana unyevu usiozidi asilimia 15 na yanaelekea kuzuri. Ikiwa imeganda kwenye kioo, kama unga kwenye nyusi za mwenye mashine ya kusaga, yarudishe juani. Yangu, ambayo nilikuwa nimeapiwa kwamba yamekauka tangu mwezi uliopita, yaliipaka chupa nzima nyeupe. Nilipomwambia aliyeniuzia, alinisikiliza kwa upole, akaniambia kwamba chumvi za siku hizi hazina ubora.

Jaribio hilo linataka chumvi, na chumvi ni hela, kwa hiyo silipendekezi.

Uhifadhi nao una utaalamu wake. Kihenge cha nje, kilichoinuliwa juu ya miguu, upepo ukipita chini yake, kinawafaa watu wasioogopa wezi. Wewe leta magunia chumbani. Yapange sakafuni, yaegemee ukuta, yafunike blanketi yasionekane. Mifuko ile ya tabaka tatu inayoitwa kinga njaa, inayobana hewa mpaka dumuzi wanakufa humo ndani, usiinunue. Au inunue, halafu utie mahindi mabichi, ukiamini kwamba mfuko utayakausha. Mfuko haukaushi kitu. Kinachoingia na maji kinakaa na maji yake.

Uoga wa wezi si kitu cha kucheka, najua. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika nchini Kenya, watu walivuna mvua zisizo za msimu zikinyesha, wakaingiza mahindi ndani kabla hayajakauka, kwa kuwa chakula kilikuwa haba na cha nje hakikuwa salama. Kufikia Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Waliokwenda nyumba kwa nyumba kuwalinganisha walioumwa na majirani zao wasioumwa walikuta kwamba mahindi mabichi yaliyowekwa ndani ya nyumba ya kuishi ni moja ya mambo yaliyowatofautisha. Na haikuwa mara ya kwanza: Machakos ilikuwa imekwisha kuzika watu kwa sababu hiyo hiyo mwaka 1981.

Niweke mzaha pembeni kidogo nieleze kipimo, kwa sababu tarakimu za sumukuvu husomwa redioni kama matokeo ya mpira na hakuna anayezielewa. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki katika mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni za aflatoksini kwa jumla. Tuseme kwa lugha ya gunia. Katika gunia la kilo 90, sumu yote inayoruhusiwa haifiki miligramu moja. Chukua chumvi laini ya mezani, hesabu punje kama kumi na tano, zitawanye gunia zima: huo ndio uzito wake. Zaidi ya hapo gunia halifai kuliwa. Kati ya mahindi yaliyopimwa Kenya mwaka ule wa 2004, yaliyo mabaya kabisa yalikutwa na sehemu 46,400.

Sisi wa Tanzania, upande wa pili wa mpaka, tulisikitika, tukaendelea kuanika chini. Juni 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara wakaanza kufika kwenye zahanati na hospitali macho yakiwa ya manjano, wanatapika, matumbo yamejaa. Wagonjwa 68, waliofariki 20. Wapimaji walipoingia majumbani walikuta jibu limo ndani ya mahindi ya nyumba zenyewe, yaliyolimwa na mikono ya wenyewe.

Hao lakini ni waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi. Kwa wasiopenda makelele, mwongozo unapendekeza njia ya kawaida: kidogo kila siku, kwa miaka thelathini. Macho hayageuki manjano na gazeti haliji. Ini ndilo linalopokea. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka aflatoksini katika kundi la kwanza, pamoja na vitu ambavyo hakuna tena ubishi kwamba huleta saratani kwa binadamu, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari hiyo huzidishwa mara nyingi sana, hadi mara thelathini. Mtu akifa na miaka hamsini, msibani watazungumzia pombe, watazungumzia majirani, wengine watataja mganga. Hakuna atakayeulizia mahindi ya mwaka 1998.

Tuje kwenye ungo.

Kuchambua kunasaidia, na hili nalisema bila mzaha. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa, zenye vumbi la kijani au la manjano, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu. Nimemwangalia jirani yangu akichambua karanga mlangoni kwake. Dole gumba linasukuma nzima kulia, mbovu kushoto, na zile zenye doa dogo zinabaki katikati zikisubiri hukumu. Hatazami, anasimulia habari za harusi ya Jumamosi huku dole likifanya kazi. Alipomaliza, kulia zilikuwa ndoo mbili, za kuuza. Katikati nusu ndoo, za nyumbani. Kushoto kikombe kimoja cha chai kimejaa.

Kikombe hicho, ndugu msomaji, ndicho kilichonifanya niandike. Maana jirani yangu hakukitupa. Wala mimi nisingekitupa. Tumelelewa kwa kofi juu ya chembe ya wali iliyobaki sahanini. Chakula hakitupwi, na mtu akionekana anamwaga nafaka jalalani, mtaa mzima utasema ana laana. Kwa hiyo kikombe huenda kwa kuku. Au huenda kwa mama wa pombe, ambaye hununua chochote kinachokubali kuchacha. Au hukaangwa, kikasagwa, kikawa kiungo cha mchicha, kwa kuwa karanga zikishasagwa haziulizwi rangi. Tembea soko lolote utazikuta: rundo la chenga na zilizokunjamana, pembeni ya rundo la nzima, bei karibu nusu. Anayezinunua ni mwenye hela kidogo. Tunachambua kwa uangalifu mkubwa, kisha tunaikusanya sumu yote mahali pamoja na kuipa bei nafuu.

Kama unadhani kuku ni pipa la takataka, wakumbuke batamzinga. Mwaka 1960 Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya laki moja katika miezi michache, na kwa kuwa hakuna aliyejua wameuawa na nini, ugonjwa ukaitwa X. Ulikuwa umetoka kwenye mashudu ya karanga yaliyonunuliwa Brazil. Kwa vifo hivyo ndipo aflatoksini ilipojulikana na kupewa jina, a ya Aspergillus na fla ya flavus. Ng'ombe naye, akila pumba au mashudu yenye sumu, hurudisha sehemu yake kwenye maziwa, ikiwa imebadilika kidogo na kupewa herufi M. Herufi hiyo ni ya neno la Kiingereza la maziwa, ila kwa bahati inatufaa na sisi. Kwa hiyo kile ulichokikataa kwenye ungo Jumanne kinaweza kukurudia Ijumaa ndani ya chai, kikiwa cheupe na chenye malai.

Jikoni hutapata shida yoyote. Watu wenye akili zao watakuapia kwamba moto unaua kila kitu. Unamuua kuvu, ni kweli. Lakini sumu aliyoiacha haikuwa hai, sasa moto uue nini? Maji ya ugali huchemka kwenye nyuzi 100, na kwa mwinuko wa Dodoma hata hapo hayafiki. Aflatoksini inataka nyuzi zaidi ya 230 ndipo ianze kuvunjika. Ugali uliofika huko ni mkaa. Kuosha nako ni kuzuri kwa asiye na habari: kunaondoa lile vumbi la kijani, ambalo ndilo onyo pekee alilokuwa nalo.

Kukoboa ni habari nyingine, na hapa mwongozo unaona haya kidogo. Sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kwenye kiini cha punje, na sembe hupoteza vyote viwili. Wakamba wa Makueni, Kitui na Machakos wana muthokoi, mahindi yanayotwangwa mpaka yakatoka ganda, na waliopima kabla na baada ya kutwanga walikuta sumu imepungua karibu nusu. (Fikiria: watu ambao mapishi yao ya asili yanapunguza sumu hii ndio walioumizwa nayo kuliko wote mwaka 2004. Maji yakizidi unga, hata kinu hakisaidii.) Wakati huo huo mhudumu wa afya amekwisha kukuambia ule dona kwa sababu ya virutubisho vilivyomo kwenye ganda na kiini, naye hakosei. Mimi nakula dona. Ila nakula ya mahindi niliyoyatikisa mwenyewe na chumvi na kuyapitisha kwenye ungo. Dona ya mahindi nisiyoyajua naiacha ipite. Na zile pumba zinazotoka kwenye sembe, zikiwa zimebeba sumu iliyoondolewa? Zinasubiri wafugaji, gunia kwa gunia, nje ya mashine. Kikombe kile kile, kimekua.

Nyumba ikiwa na mtoto aliyefikisha miezi sita, mwongozo unapendekeza unga wa lishe. Chukua mahindi, karanga, ulezi, soya, mchele, na kitu kingine chochote ili hesabu ifike saba. Kila kimoja kinakuja na historia yake ya kuanikwa, na mahindi na karanga ndivyo vyenye historia mbaya kuliko vingine. Karanga tumia zilizopasuka, si zitasagwa tu? Saga za miezi mitatu kwa mkupuo mmoja, weka ndoo karibu na jiko palipo na mvuke. Kisha mpe mtoto wa kilo saba uji huo asubuhi, mchana na jioni. Wewe mtu mzima unakula ugali, lakini pia maharage, samaki, embe, na siku ya harusi pilau. Yeye anakula kitu kimoja, na hana lugha ya kukataa.

Utafiti uliofanywa Benin na Togo, uliochapishwa mwaka 2002, uliwapima watoto wadogo damu na kimo. Waliodumaa au waliopungua uzito walikuwa na alama za aflatoksini nyingi zaidi katika damu, na alama hizo zilipanda baada ya mtoto kuachishwa ziwa na kuanza chakula cha nyumbani. Ukisoma hivyo, mzaha unakauka mdomoni. Mama anayechanganya unga wa lishe amefanya kila alichoelekezwa kliniki, pengine amekopa hela ya soya. Mnywa pombe ya komoni alijua anacheza na hatari fulani. Mama huyu hakuambiwa.

Kuhusu maabara. Ukilazimika kupima, chota sampuli kwa ustadi: kiganja kimoja, juu ya gunia la kwanza, lile lililo karibu na mlango. Sumukuvu haienei sawasawa kama sukari kwenye chai iliyokorogwa. Punje elfu zinaweza kuwa safi, na moja ikawa imebeba sumu ya kuharibu kilo kadhaa za wenzake. Kiganja chako kitaikosa, cheti kitatoka kizuri, utakitia fremu. Wanaopima kwa kumaanisha huchoma bambo gunia baada ya gunia, juu, katikati na chini, wanachanganya walichotoa, wanakisaga chote, ndipo wanapima. Inachosha, na dereva wa lori anapiga honi.

Usijisumbue sana na macho, vilevile. Kuna kuvu wa ukoo mwingine, Fusarium, anayekaa ndani ya punje ya mahindi inayong'aa kama ya mbegu, bila doa. Sumu yake moja, fumonisini, ilikuja kutambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988 tu, ingawa tulikuwa tumeila kwa vizazi. Wengine wa ukoo huo hupenda ngano na mahindi ya sehemu za baridi, na sumu yao mojawapo inajulikana kwa kuwatapisha nguruwe.

Hao wa ngano ndio wenye ufundi nisioweza kuuacha. Mmea ukiingiliwa na sumu haukai kimya; huikamata, huibandika sukari mgongoni, kisha huifungia mahali isiuletee madhara. Kwa mmea huo ni ushindi. Kwa mashine ya maabara ni upofu, maana mashine imefundishwa kuitambua sumu ilivyozaliwa, na hii sasa ina umbo jingine. Nafaka inapita, cheti kinatolewa. Mwaka 1990 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwa nguruwe kinachofuata: tumboni ile sukari hukatwa, na sumu inabaki kama ilivyokuwa. Wataalamu wakaziita sumu zilizovaa barakoa. Mashine mpya zaidi zinaweza kuzitafuta, kwa anayejua kuziagiza zitafute. Nimelifikiria sana tumbo hilo. Linafanya kazi yake kwa uaminifu, linachukua sukari kama lilivyoumbwa, na kwa uaminifu huo huo linamfungulia mgeni mlango.

Ikikukuta kashfa, sema imetoka nchi jirani. Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa mpigo mmoja. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, ikiwemo waagizaji kusajiliwa na shehena kuja na vyeti. Mjadala ukawa mkali pande zote, nani anamwonea nani, nani anamhitaji nani. Swali ambalo sikulisikia likiulizwa sana ni hili: lori lililogeuzwa mpakani lilikwenda kushusha wapi? Gunia lililokataliwa na kiwanda, na mpaka, na ungo, halipotei. Linashuka bei mpaka linampata mtu asiyeweza kulikataa.

Hapo ndipo mwongozo unapoishia, kwa kuwa kutoka hapo sumukuvu haihitaji tena msaada wako.

Kwa yule aliyesoma mpaka huku na akaona kwamba si lazima amkaribishe mgeni huyu: nunua turubai kabla ya mbolea, tikisa chupa ya chumvi kabla ya kufunga gunia, na karanga za mtoto zichambue mara mbili. Kisha kile kikombe. Usimpe kuku, usimpe ng'ombe, usimuuzie mama wa pombe, usikisage. Chimba shimo nyuma ya nyumba, mbali na kisima, fukia. Akikupita mzee akakuuliza kwa nini unazika chakula, mwambie si chakula, na umwonyeshe.